Babu Alhamisi, Karani wa Kadi Zilizobaki

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, karani wa kliniki yetu ya saratani ya watoto atakabidhi funguo, atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Kwenye barua za ofisi anaitwa Karani Mwandamizi. Sisi wa kliniki tunamwita Mzee. Watoto, ambao ndio wenye kliniki, wanamwita Babu Alhamisi, kwa sababu siku yao ni Alhamisi na wengi wao wanaamini kwamba siku nyingine hayupo duniani.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo maana miaka yote hii tumejizuia kumsifu. Sasa anaondoka, hawezi tena kuharibu kitu, na mimi, muuguzi msimamizi niliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, nimepewa nafasi katika jarida letu nimseme. Alipoambiwa, aliomba niandike ukurasa mmoja tu na nisitie chumvi. Chumvi sitatia, lakini ukurasa mmoja hautatosha.

Aliingia hospitali hii akiwa kijana mwembamba, mfagizi wa muda katika masjala. Baada ya miezi minane mkuu wa masjala aligundua jambo la aibu: faili likipotea, makarani watatu wanaolipwa kulitunza hawajui lilipo, na mfagizi anajua. Akapewa kalamu, na ufagio ukapata mtu mwingine. Miaka kumi na miwili baadaye kliniki ya saratani ya watoto ilifunguliwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, chenye dirisha moja, mizani moja na meza isiyo na droo. Makarani wawili walikataa kuhamia huko, wakasema wana watoto wadogo nyumbani na hawataki kubeba mkosi. Yeye alikuwa na watoto wanne. Aliuliza tu kama chumba kina laini ya simu.

Simu hiyo ndiyo kazi yake. Kila Alhamisi asubuhi, kabla hatujafungua mlango, Mzee hupanga juu ya meza kadi za watoto wote waliopangiwa siku hiyo. Mtoto akifika, huichukua kadi yake mwenyewe na kunipa mimi. Asiyeweza kutembea hubebwa mpaka mezani aichukue. Kliniki ikiisha, saa nane, kadi zilizobaki mezani ni za watoto ambao hawakuja, na Mzee hali chakula cha mchana mpaka amempigia mzazi wa kila mmoja wao. Ndiyo siri ya wembamba wake, kwa wale wanaomwonea wivu.

Wala hamwulizi mtu kwa nini hakuja. Huanza na hali ya nyumbani, wazee, mvua, shule, na kama mzazi alikuwa anaumwa jino mwezi uliopita atauliza jino. Mwishoni kabisa ndipo husema kwamba kadi ya mtoto iko hapa mezani, inasalimia. Mwaka mmoja alimpigia baba mmoja wakaongea dakika tatu nzima, wakafika mpaka kwenye habari za shangazi, ndipo tukagundua kwamba baba yule amesimama nyuma yake, kwenye foleni, na mtoto begani. Wote wawili walikataa kukata simu kabla ya kuagana.

Kompyuta zilipoletwa alijifunza kabla yetu, na hata leo mimi nikikwama namwita yeye. Lakini kadi hakuziacha. Alisema kompyuta ikifungwa inalala usingizi, na kadi iliyobaki mezani inakutazama.

Ili msomaji amjue mtu huyu, nitaeleza habari moja kwa urefu. Familia yenyewe imeniruhusu, na bibi wa familia hiyo ameniagiza nisimpunguzie hata neno lake moja.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulipokea wodini msichana wa miaka minne. Nyumbani kwao walimwita Chiriku kwa wingi wa maneno, na nitamwita hivyo hapa. Baba yake ni seremala, mama yake msusi, na bibi mzaa baba aliishi nao. Kwa miezi miwili homa ilikuwa inakuja na kuondoka. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili na minyoo mara moja. Siku moja mama yake, akimsuka, aliona damu imevilia shingoni na nyuma ya masikio, na mtoto hakuwa ameanguka. Alimaliza kusuka upande uliobaki, akafunga kitambaa, akamleta hospitali.

Ilikuwa saratani ya damu. Mama aliuliza swali moja, kama inatibika. Daktari alimjibu kwamba watoto wengi hupona, wakimaliza tiba. Baba aliuliza itachukua muda gani, na alipoambiwa miaka miwili na nusu aliomba arudiwe jibu.

Mwezi wa kwanza walikaa wodini. Mama alilala kwenye kiti. Baba alikuja kila jioni kutoka karakana, nikamfukuza mlangoni mara mbili kwa sababu ya vumbi la mbao kichwani. Mara ya tatu alikuja ameoga, ananukia sabuni mpaka wodi nzima ikajua amefika. Chiriku mwenyewe alikuwa na masharti. Sindano ya uti wa mgongo hakuikataa, ila alitaka ahesabu yeye, moja mpaka tano, ndipo daktari achome. Akifika nne alikumbuka hadithi. Nimemwona daktari bingwa amesimama dakika kumi, sindano mkononi, akisikiliza habari za mbuzi wa jirani.

Nywele zilikatika katika wiki ya tatu. Mama alizikusanya zote, akazifunga kwenye karatasi na kuziweka mkobani. Msusi mwenye mtoto asiye na nywele hakosi maswali, na wateja walipouliza alijibu kwamba mtoto ana upungufu wa damu. Habari hiyohiyo ndiyo iliyotolewa nyumbani kwao, nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, ua mmoja na bomba moja. Hatukumlaumu. Watu wakisikia saratani huanza kuongea kwa sauti ya msibani.

Hapa lazima nieleze jambo la kitabibu, na nitalieleza kama Mzee anavyowaeleza wazazi. Mwezi wa kwanza dawa huifagia saratani mpaka haionekani hata kwa darubini. Lakini vumbi lililojificha nyuma ya kabati bado ni vumbi, ndiyo maana tiba huendelea kwa miaka, mwishowe ikiwa vidonge vya kila siku nyumbani na kliniki kila mwezi. Katika kipindi hicho cha vidonge nywele huota tena, mtoto hunenepa, hucheza. Anaonekana mzima kabisa, na ndipo hatari ilipo.

Mwezi wa tisa wa tiba nywele za Chiriku zilikuwa zimerudi, laini na nyingi. Mama yake akamsuka mistari minane. Kwa msusi, kichwa kile kilikuwa cheti cha kupona. Bibi naye alisema mtoto anayekula, anayecheza na kuwajibu wakubwa ni mzima, na akauliza mnamlisha mtoto mzima sumu ya nini. Vidonge vilikuwa vikimtapisha, kila homa ndogo ilikuwa safari ya hospitali, na wote walikuwa wamechoka. Baba alikuwa na wasiwasi, ila katika nyumba yenye wanawake wawili wenye kauli moja, mwanamume hupiga randa tu. Alhamisi iliyofuata kadi ya Chiriku ilibaki mezani.

Mzee alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga kesho yake. Wiki ya pili simu ya mama ilikuwa imezimwa, na ya baba ilipokelewa na bibi, aliyesema wote wamesafiri, huku sauti ya Chiriku ikisikika nyuma yake ikiuliza ni nani anapiga. Daktari alitueleza bila kuzunguka: akikaa miezi michache bila dawa, saratani ina nafasi kubwa ya kurudi, na ikirudi huwa kaidi kuliko mwanzo. Tulikuwa na wiki chache za kumrudisha mtoto yule. Baada ya hapo tungekuwa tunabahatisha.

Wiki ya tatu tulifanya kosa. Nasema tulifanya, ingawa Mzee hujitwika peke yake. Gari la hospitali lilikuwa linapeleka chanjo upande wa kwao, na ni mimi niliyeomba watupakie. Nilivaa sare. Ubavuni mwa gari kuna jina la hospitali kwa herufi nyekundu zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Tuliingia uani, tukakuta milango sita na hatujui upi ni wao. Sasa, miaka ile Mzee alikuwa akiita watoto kwenye korido kwa sauti inayofika mpaka lango la nje: jina la mtoto, jina la baba, namba ya kadi, jina la kliniki. Pale uani mdomo wake ulifanya ulichozoea. Aliita jina, la baba, namba, akamalizia kwa sauti yote, “Kliniki ya Saratani!”

Mtu alifunga bomba. Wanawake waliokuwa wanafua waligeuka wote. Mama Chiriku alitoka na kitana mkononi, akatutazama mimi na sare yangu, akamtazama Mzee.

“Mmekuja kumtibu mwanangu au kumtangaza?” alisema, na mlango ukafungwa.

Kufika jioni watoto wa majirani walikuwa wameitwa ndani. Mwenye nyumba alikuja kuuliza kama ugonjwa wenyewe unaambukiza. Aliambiwa hauambukizi, hakuridhika, akawapa mwezi mmoja watafute pengine. Wangehama, tusingejua hata mlango wa kugonga.

Ijumaa Mzee alikuja mezani kwangu kuomba nimwandikie barua ya onyo. Nilimwambia fomu ya onyo haina nafasi ya kosa la namna ile, na kama ingekuwa nayo tungesaini wawili. Akasema, “Sista, nimemfungia mlango mtoto wa watu.” Nilijua hatalala vizuri, na mimi sikulala vizuri.

Yaliyofuata sikuyaona. Nilisimuliwa na seremala mwenyewe, kwa sababu Mzee, aliye bingwa wa kusimulia ya wengine, yake hasimulii.

Jumamosi alivaa shati la nyumbani akaenda karakana ya baba Chiriku, kando ya mashine ya kusaga nafaka. Seremala alimtambua, akaendelea kupiga randa bila salamu. Mzee alisubiri ubao uishe.

“Fundi, sikuja kuuliza habari za mtoto,” alisema. “Nina kazi. Nataka sanduku la kadi.”

Haukuwa uongo. Kadi zetu wakati ule zilikaa ndani ya katoni ya sabuni iliyofungwa kamba, na panya walikuwa wameanza kuonja herufi ya kwanza. Na fundi wa kweli hawezi kumfukuza aliyekuja na kazi. Atamkasirikia huku akitafuta penseli. Seremala akauliza sanduku liwe na vyumba vingapi. Vitatu, akajibiwa: cha watoto wanaoendelea, cha waliomaliza na cha walioacha. Akauliza upana wa kila chumba. Mzee akaonyesha kwa vidole. Seremala alimwambia kwamba vidole si kipimo, alete kadi zenyewe.

Jumamosi ya pili alizileta, kila fungu limeviringishwa kwenye karatasi ili majina yasionekane. Seremala alichukua rula. Wanaoendelea, sentimita kumi na moja. Waliomaliza, tano. Walioacha, nane. Hiyo nane aliipima mara ya pili.

“Nane?”

“Nane, fundi.”

“Hawa walioacha walikuwa hoi?”

“Hapana. Wengi walikuwa wanakimbia uani. Ndiyo maana wazazi wao waliacha.”

“Wako wapi sasa?”

Mzee angeweza kutia maneno mazuri hapo. Alimwambia kwamba kumi na tisa waliletwa tena hospitali, wakati ambapo hapakuwa na la kufanya zaidi ya kuwapunguzia maumivu. Wengine hatujui, na simu zao haziiti. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, ikabidi aseme mara mbili.

Seremala aligusa fungu lile nene. “Ya mwanangu imo humu?”

Mzee alitoa kadi kwenye mfuko wa shati. Akasema hajaiweka fungu lolote, ameibeba wiki nne, na hajui aiweke wapi.

Baba Chiriku alikaa juu ya rundo la mbao akalia. Amenituma niliandike hili, kwa sababu anataka akina baba wengine walisome. Alipomaliza kulia alichukua penseli, akafuta ile nane kwenye ubao wa vipimo, akaandika mbili. Mzee aliuliza kadi zote hizo zitaenea vipi. Seremala alimwambia za zamani azitafutie bahasha. Chumba chenyewe hatakitengeneza kikubwa, ili asionekane anakaribisha wengine.

Siku hiyo alifunga karakana mapema. Nyumbani hakubishana na mtu. Alimwambia mkewe vipimo vitatu, kimoja kimoja, kama alivyovipima. Mama alikaa navyo siku mbili. Kisha akasema atarudi kliniki kwa sharti moja, kwamba jina la mtoto wake lisiitwe tena pamoja na ugonjwa wake mbele ya masikio ya watu. Bibi alisema na yeye atakuja, aione hiyo sumu kwa macho yake.

Walikuja Alhamisi, wote wanne. Daktari alichukua damu na uboho, na majibu yalikuwa ya Jumatatu. Siku nne zile ndizo ndefu kuliko zote nilizofanya kazi hapa. Mzee, ambaye hajawahi kukosea tarehe, aligonga mhuri wa mwezi uliopita kwenye kadi sita, nikazirekebisha bila kumwambia. Jumatatu asubuhi familia ilikuwa mlangoni kabla ya wafagizi. Daktari alisoma karatasi, akairudia, akasema saratani haijaonekana. Daktari akaongeza kwamba hiyo ni bahati, na bahati haijaribiwi mara mbili, kwa hiyo vidonge vinaanza leo. Bibi, ambaye neno lake siruhusiwi kulipunguza, alisema, “Basi nilikosea. Nimesema mara moja, msinisemeshe tena.”

Kuteleza si kuanguka. Familia ilirudi kwenye ratiba, na haikuwa rahisi. Chiriku alipata nimonia, akalazwa siku kumi na moja kwenye oksijeni, na kwa mara ya kwanza tulimwona amenyamaza. Tulimkumbuka yule msimuliaji wa mbuzi wa jirani. Mwaka uliofuata tetekuwanga iliingia uani, baba akahamishia kitanda cha mtoto karakana kwa wiki mbili ili asiambukizwe. Habari za mwenye nyumba alizimaliza bibi. Aliwakusanya wapangaji wote bombani, akawaambia mficha maradhi kifo humuumbua, mjukuu wake ana saratani ya damu, haiambukizi, anatibiwa, na mwenye swali amwulize yeye. Hakuna aliyekuwa na swali. Walikaa nyumba ile miaka mingine mitano.

Sharti la mama lilibadilisha kliniki nzima. Mzee aliacha kuita majina. Kila mtoto alipewa ruhusa ya kuchagua jina la kuitwa kliniki, likaandikwa juu ya kadi kwa kalamu ya rangi, na hilo tu ndilo linaloitwa. Chiriku alibaki Chiriku. Tumewahi kuwa na Rubani wawili, Sabuni mmoja, Kijiko, na mvulana wa miaka mitano aliyeng'ang'ania kuitwa Mkurugenzi. Wazee wa hospitali wanakumbuka Alhamisi ile Mkurugenzi wetu halisi alipokuwa akipita koridoni na wageni, Mzee akaita kwa sauti nzuri, “Mkurugenzi, njoo upimwe uzito!” Bosi aligeuka, akaona wazazi arobaini wanamwangalia, akavua viatu akapanda mizani. Tulimpima, tukamwandikia, tukamwambia apunguze mkate.

Bibi naye aligeuka mhubiri. Kwa miaka miwili alikaa benchi la mbele, na mzazi yeyote aliyesema mtoto ameshapona alijikuta amekaliwa ubavuni na kuulizwa kama amemaliza dawa au amemaliza subira. Mzee alikuwa akisema wazi kwamba amepata msaidizi asiyelipwa na asiyesikia amri ya mtu.

Chiriku alimaliza tiba akiwa anakaribia miaka saba. Siku ya kidonge cha mwisho alitaka ahesabu mpaka tano kabla ya kumeza, na safari hii alihesabu bila kusimama. Baba yake ndiye aliyehamisha kadi kwa mkono wake, ndani ya sanduku alilolitengeneza, kwenda chumba cha waliomaliza.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba kila habari iliisha hivyo. Wapo watoto waliomaliza kila dawa na bado tuliwapoteza. Wiki za namna hiyo Mzee hutoka nje ya dirisha letu, hung'oa magugu ambayo hakuna aliyemtuma kuyang'oa, na watu hujua wamwache. Baadaye hupiga simu nyumba ile pia, si kwa ajili ya kadi yoyote, ila kuwajulia hali. Kuna mama mmoja anayemwambia mpaka leo kwamba simu ile ndiyo pekee iliyomtaja mtoto wake kwa jina alilolichagua.

Lakini walioacha wamepungua. Zamani katika watoto kumi, watatu au wanne walipotea njiani. Mwaka jana tulikuwa na watoto sitini na wanne, na aliyeacha ni mmoja, ambaye Mzee alimpata kwa shangazi yake wa tatu, baada ya simu kumi na saba. Yuko nasi sasa, na amechagua kuitwa Kobe.

Kasoro anazo. Anaimba anapopanga kadi, na hajui kuimba. Chupa yake ya chai haiguswi, ila chai ya wengine ni mali ya umma. Kwa miaka kumi na tisa amenidai kalamu nyeusi ambayo ninaapa niliirudisha. Mkewe ametuonya kwamba nyumbani ameshaanza kuwaorodhesha wajukuu na kuwauliza walikochelewa, na anatuomba tumtafutie kazi yoyote ya nusu siku.

Alhamisi iliyopita ilikuwa kliniki yake ya mwisho. Walipangiwa watoto ishirini na wawili. Kufika saa saba ishirini na mmoja walikuwa wamekuja. Kadi iliyobaki ilikuwa ya Chiriku, siku hizi msichana wa miaka kumi na sita aliyempita mama yake kwa urefu, ambaye huja mara moja kwa mwaka kuangaliwa. Saa nane Mzee alishika simu. Akampigia baba; baba alidhani yuko na mama. Akampigia mama, mama alidhani ameenda na baba. Nilimwona Mzee akikaa chini taratibu. Kuna kadi ambazo mtu hapendi kuziona mezani mara mbili maishani.

Saa nane na dakika ishirini mlango ulifunguliwa. Chiriku aliingia na sare ya shule, jasho linamtoka, rula ya jiometri bado mkononi. Alikuwa na mtihani wa hesabu, akamaliza, akaja mbio. Alianza kueleza swali la sita tangu mlangoni. Mzee alimkatiza akamuuliza nani amemleta.

“Hakuna, Babu. Nilijua tu leo ni siku yangu.”

Akachukua kadi yake mezani akanipa. Damu yake ilikuwa safi. Alipoondoka, Mzee aliitazama meza, akaitazama simu, akasema hana wa kumpigia. Katika miaka yote hiyo sijawahi kuona Alhamisi ambayo watoto wote wamekuja. Nilimwambia basi ale. Hakula, alikaa pale amekunja mikono, anatabasamu, na mimi niliingia chumba cha dawa nikalia kidogo, kwa furaha.

Mzee, kwa niaba ya madaktari, wauguzi, wafagizi, wazazi na watoto wa kliniki hii, ahsante kwa kila simu uliyopiga ukiwa na njaa. Uwe na afya njema, miguu yenye nguvu, na wajukuu wasiokupa nafasi ya kusinzia mchana. Nenda kapumzike bila hofu. Zitakazobaki mezani tutazipigia sisi, na watoto wako, kama ulivyoona mwenyewe, wameanza kuja bila kuitwa.